Mafuta Yaliyoufunga Mlango wa Hamdu

Risala ya Umoja wa Mafuta Juu Maji Chini kwa mgeni rasmi, Mhandisi Naboth Rwakishaya. Imesomwa mtaani Nyamityobora, Mbarara, mbele ya mkahawa wa Bwana Hamdu.

Mgeni rasmi, Mhandisi Naboth, msimamizi wa mabomba ya maji taka. Mwenyekiti wa mtaa. Sheikh na Mchungaji mliokubali kukaa benchi moja. Wake wa askari mliotoka kambini. Wenzetu wa Misiera mliosafiri kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale na ndoo zenu. Wapishi na waosha vyombo. Na nyinyi mliokuwa mnapita tu, mkaona hema mkadhani ni harusi: assalaam aleikum, Bwana asifiwe, agandi, na bonjour kwa ndugu zetu wa Kongo.

UKARIBISHO

Tunakukaribisha kwa mikono miwili, na mikono yenyewe tumeinawa. Tunalisema hilo mapema kwa sababu wageni wengi wakishajua kazi yetu hutusalimia kwa kutikisa kichwa. Wewe umetupa mkono sote, hata Goreti, ambaye asubuhi hii mkono wake ulikuwa ndani ya bomba hadi begani. Tumefurahi sana, na kama ukitaka kunawa, maji yapo kwenye ndoo ile ya kijani na sabuni ni ya kwetu.

Samahani kwa kiti. Tulitafuta kiti cha heshima chenye kitambaa, hatukupata. Hicho chekundu cha plastiki tumekiazima hapo juu ya kilima, kwenye banda la nyama choma ambalo tutalizungumzia baadaye. Tuliona kwamba utakizoea haraka.

Risala hii imeandikwa na wanachama wote, ndiyo maana ina mikunjo. Anayeisoma ni katibu wetu Nasimah, binti yake Bwana Hamdu. Sauti ikikwaruza mahali fulani, tunaomba umvumilie. Tena tukujulishe kwamba Mwenyekiti wa mtaa aliisoma jana akatuomba tusitaje kufuli katika ukurasa wa kwanza. Tumemtii, ukiacha hili tulilolitaja sasa hivi.

HISTORIA FUPI YA UMOJA

Umoja wetu ulizaliwa na ugomvi. Miaka minne iliyopita Mama Marcienne, mpika sabuni wa Misiera, alikuja Mbarara kutafuta mafuta machafu. Kule Nakivale hayapatikani, maana watu huyakaangia hadi yaishe. Akaingia jikoni kwa Hamdu kwa mlango wa nyuma, akamkuta Goreti, mke wa askari, anayekuja kila siku kuchukua makombo ya kuku wake wa kambini. Wote wawili wakashika sufuria moja ya mafuta yaliyotumika, mmoja sikio hili na mwingine sikio lile, na hakuna aliyekubali kuachia.

Hamdu hapendi kelele wakati wateja wanakula. Alitoka na mwiko mkononi akawaambia, "Nyinyi mabibi, sufuria ni yangu na kelele ni yenu. Goreti, wewe kusanya hapa town. Mama, wewe pika sabuni huko kwenu. Sasa toka, watu nakula." Hiyo ndiyo katiba yetu mpaka leo. Hatujaongeza kifungu hata kimoja.

Tangu siku ile tunafanya kazi hivi. Saa tisa alasiri, wakati sufuria zimepoa na wapishi wamekaa kidogo, tunapita jiko moja baada ya jingine. Chini ya sinki tumeweka sanduku la bati lenye kuta mbili ndani yake. Maji ya vyombo yakiingia, mafuta huelea juu na maji hupita chini kuelekea bombani. Mafuta juu, maji chini. Jina letu halikuhitaji kikao. Tunachota yale ya juu, tunayachuja, tunayatia kwenye jerikeni, na lori la ndizi la Ngarama linaporudi tupu kupitia Kabingo linatubebea mzigo. Wenzetu wa Misiera huupokea njia panda, na siku ya pili ni sabuni.

MAFANIKIO

Mpaka sasa tunahudumia majiko thelathini na moja, tukianzia vibanda vya chapati hadi jiko moja linalopikia watu mia tatu kwa mkupuo. Tumewafundisha waosha vyombo kupangusa sufuria kwa jani kavu la mgomba kabla haijaguswa na maji. Mwanzoni walitucheka. Walizoea kumwaga maji ya moto na sabuni nyingi, wakaona mafuta yametoweka, wakaridhika. Hayakutoweka, mgeni rasmi. Yalisafiri tu, yakafika mbele, yakapoa, yakaganda, yakakaa humo kama mgeni aliyekuja na godoro lake.

Kwa miaka mitatu mtaa huu haukufurika hata siku moja. Jambo hilo halikuandikwa popote, maana hakuna anayeitisha mkutano kusherehekea choo kilichofanya kazi. Sisi tulilisherehekea wenyewe kwa soda.

Mafanikio mengine ni ujuzi. Mtu aliyechota mafuta miaka minne anajua mengi. Tunajua ni nani anakaangia mafuta ya mwezi uliopita, tunajua mbuzi wa nani ni ng'ombe, na tunajua hoteli ipi inaandika "siagi" kwenye karatasi ya vyakula na siagi haijawahi kuingia mlangoni. Siri hizo tumezitunza vizuri na tungependa kuendelea kuzitunza. Hapa Goreti alitaka tuongeze sentensi moja. Tulipiga kura, akashindwa kwa kura mbili.

CHANGAMOTO, NA KOSA LETU

Mgeni rasmi, tumefika ukurasa wa pili.

Changamoto yetu kubwa unaiona mbele yako. Ni mlango wa bluu, na juu yake kuna kufuli, ambalo ufunguo wake unao wewe, na karatasi yenye muhuri wa ofisi yako. Karatasi inasema kwamba mwenye mkahawa amemwaga mafuta bombani na kusababisha maji taka kufurika barabarani. Leo ni siku ya ishirini na tatu.

Maji yalifurika kweli, hatukatai. Ilikuwa Jumatano, watu wako kwenye chakula, maji meusi yakapanda kupitia mfuniko huu hapa mbele ya mlango, na wateja wakakimbia na sahani zao. Vijana wako walifika haraka, na kwa haraka hiyo tunawapongeza. Hamdu aliwaeleza kwamba mafuta yake yote huchukuliwa na sisi kila siku saa tisa. Kijana mmoja akamjibu, "Mzee, maji iko kwa mlango yako, kosa iko yako." Wakafunga, wakaenda.

Sasa tutakiri jambo, na tunaomba Sheikh na Mchungaji watusikie pamoja, maana linawahusu wote wawili.

Mwaka jana tulifanya mkutano kuhusu mafuta ya nguruwe. Sabuni ya Mama Marcienne inanunuliwa na Waislamu wengi wa hapa Mbarara na wa Nakivale. Bakuli moja tu la mafuta ya nguruwe likiingia kwenye pipa, pipa zima si la kuuzwa tena kwa watu hao, na sisi wenyewe hatuwezi kuwadanganya. Nusu ya wanachama wetu ni Waislamu, na hawawezi hata kuyabeba. Kwa hiyo tukaamua kwa sauti moja: mafuta ya nguruwe si kazi yetu. Wakristo waliunga mkono kwa heshima ya Waislamu, Waislamu wakashukuru, tukapiga makofi, tukanywa chai. Ulikuwa mkutano mzuri kuliko yote tuliyowahi kufanya. Hakuna aliyeuliza swali dogo: basi yataenda wapi?

Juu ya kilima, nyuma ya ofisi fulani, kuna banda la nyama ya nguruwe lenye viti vyekundu. Mwenye banda alitufuata mara mbili kutuomba tumchukulie mafuta yake. Jina lake hatutalitaja, si vizuri. Goreti alimwambia, "Bob, sisi tulikataa kwa mkutano, pole." Naye akasema, "Nyinyi nachukua ya Hamdu, ya mimi nakataa. Sasa nifanye nini, nikunywe?" Hakuyanywa. Aliyamwaga kwenye sinki na maji ya moto, kama alivyofundishwa na shangazi yake, na maji ya kilima kazi yao ni kushuka.

Baada ya mlango kufungwa tulikuja ofisini kwako kueleza. Mara ya kwanza tuliambiwa uko semina. Mara ya pili, mkutano. Mara ya tatu, mkutano kuhusu semina. Mara ya nne ilikuwa Ijumaa mchana, na mlinzi wako, mtu mwungwana sana, alisema umetoka kula, akatuonyesha kwa kidole upande ulioelekea. Hatukukufuata. Upande ule tunaujua, una harufu nzuri sana ya nyama.

Basi tukaomba ruhusa ya Mwenyekiti wa mtaa, tukachukua mtaimbo, tukainua mifuniko wenyewe. Tulianza na huu wa mlangoni. Mle ndani bomba kubwa linapinda, na kwenye lile pindo palikaa donge jeupe la ukubwa wa mto wa kulalia. Goreti alizama humo akalikata kwa jembe. Mama Marcienne, aliyekuwa amekuja na lori kuchukua mzigo, alichovya kidole kimoja, akakiangalia, akakinusa, akasema:

"Hii haiko ya ngombe. Ya ngombe ikipoa inakuwaka nguvu sawa buji, sawa mushumaa. Angalia hii, inalala mu kidole sawa pomade. Hii njo ngurube. Batu banafunga fasi ya Hamdu bule!"

Goreti naye akanusa. "Banange! Mimi nafuga nguruwe nyuma ya kambi miaka kumi. Hii iko nguruwe. Hata ukiniamsha kwa usingizi, mimi najua."

Tukainua mfuniko wa pili, ule ulio juu kidogo, kabla bomba la Hamdu halijaungana na bomba kubwa. Kuta zake zilikuwa zimepakwa mafuta yaleyale meupe. Tukainua wa tatu, juu zaidi, vilevile. Kisha tukatazama bomba lake mwenyewe Hamdu, lile dogo linalotoka jikoni kwake. Safi. Maji na mabua mawili ya dania. Yaani mafuta yalishuka kutoka juu yakiwa ya moto, yakapita kwa watu wote, yakapoa penye pindo, mlangoni kwa mtu ambaye hawezi kuyagusa hata akilipwa.

Tulimwita Hamdu aje aone ushahidi wa kumtetea. Alisimama mbali akiwa ameshika kanzu yake isiguse chini. "Kama ni hiyo, funika," alisema. "Mimi hapana taka kuona. Mimi naamini nyinyi."

Tulicheka, mgeni rasmi, hata yeye alicheka. Halafu akakaa kwenye benchi hilo hapo na hakucheka tena. Kila asubuhi anakuja, anafagia mbele ya mlango uliofungwa, anakaa. Mtu anayepita akimuuliza kuna chakula, anamwambia kesho. Nasimah amesema sehemu hii ataisoma bila kusimama, na anaisoma bila kusimama. Imetuuma sana. Sisi ndio tuliokataa mafuta yale kwa kumheshimu yeye na wenziwe, na heshima yetu ndiyo iliyomfunga.

Kuna jambo jingine, na ndilo linalotunyima usingizi. Mwenye nyumba amesema mwezi huu ukiisha na mlango bado umefungwa, atampa mtu wa kuuza simu. Zimebaki siku sita. Hamdu amepika mahali hapa miaka kumi na tisa. Wapishi wake saba wanamtegemea, wawili kati yao wanatoka Nakivale, na ruhusa yao ya kuja mjini inatokana na kazi hii.

TULICHOKWISHA KUREKEBISHA

Hatukukuita uje utatue kosa letu tukiwa tumekaa. Tulifanya mkutano mwingine, safari hii mbaya, wenye kelele. Mmoja wetu, Mwislamu mzuri kabisa, alisema ya nguruwe yaendelee kumwagwa, mradi yamwagwe mbali. Sheikh aliulizwa kama kuna ubaya wenzetu Wakristo kuyachota. Alisema, "Kwani nani alisema yamwagwe mlangoni kwa Hamdu? Anayeruhusiwa ayachote, asiyeruhusiwa apishe njia." Tukaona aibu, maana jibu lilikuwa karibu hivyo.

Kwa hiyo sasa mafuta ya nguruwe yana jerikeni zake nyeusi, bakuli lake, chujio lake na baiskeli yake. Anayeyachota ni Goreti na wanawake wawili wa kambini. Hayafiki Misiera hata kwa bahati mbaya. Yanashuka Kabingo, kwa wafyatua matofali, ambao huyapaka ndani ya kalibu ili tofali litoke bila kung'ang'ania. Wamefurahi sana, wanauliza kama kuna mengine. Na yule wa viti vyekundu, ambaye hatukumtaja, amewekewa sanduku lake wiki iliyopita. Amelisafisha mwenyewe mara moja, akasema hatarudia, njooni nyinyi.

MAOMBI

Tuna maombi manne. Yalikuwa matano, Mwenyekiti wa mtaa amefuta moja kwa kalamu nyekundu, na kalamu tumemrudishia.

Tunaomba kwamba kabla kufuli halijawekwa mahali popote, vijana wako wainue mifuniko mitatu kwenda juu. Mtaimbo tunao, tutawaazima. Kidole cha Mama Marcienne pia kipo, akiarifiwa siku mbili mbele.

Tunaomba barua ya ofisi yako yenye kuturuhusu kuingia majiko ya mabanda yote ya nguruwe. Wengine bado wanadhani tunakuja kupeleleza. Hilo ni kweli kidogo, lakini barua itasaidia.

Tunaomba pia, kwa kuwa wewe mwenyewe unafika kwenye viti vyekundu kila Ijumaa, utusaidie kuangalia kama sufuria zinapanguswa kwa jani la mgomba kabla ya kuoshwa. Hatuna mwanachama anayekaa pale muda mrefu kama wewe. Hatusemi kwa ubaya. Nyama ile ni nzuri, Goreti anasema, na mtu anayefanya kazi ya mabomba ana haki ya kula vizuri. Tunachosema ni kwamba katika donge lile jeupe, ukipiga hesabu ya Ijumaa zote za mwaka, kipande fulani ni chako. Kingine ni chetu, kwa ule mkutano mzuri. Cha Hamdu hakimo.

Ombi la nne unalijua.

SHUKRANI

Tunakushukuru kwa kuja. Wengi walituambia hutakuja, na wawili walituambia utakuja lakini utaondoka ukisikia neno kufuli. Umekaa. Umecheka mara tatu, idadi tuliiacha wazi Nasimah aijaze, na mara moja umeangalia chini. Hiyo ya mwisho ndiyo tumeishukuru zaidi.

Risala ikishasomwa, mgeni rasmi hukaribishwa chakula. Hatukutaka kukuvunjia heshima, kwa hiyo tulikubaliana kwamba leo ule pilau ya Hamdu, ile inayofanya watu wa Kabingo wapande gari kuja kuila. Nyama tumenunua asubuhi, iko kwenye beseni hilo. Mpishi Swabulah amevaa aproni tangu saa mbili na amesimama pale mlangoni. Mchele, bizari, sufuria kubwa, mwiko, makaa na sahani zote ziko ndani.

Wanachama waliogopa kwamba utaona tumekutega. Hamdu alikataa hilo kabisa. Alisema, "Yeye mgeni. Mgeni lazima nakula." Halafu akamwagiza Nasimah akuulize jambo moja tu hapa mbele ya watu, nalo ni kama unapenda pilipili ndani ya pilau au pembeni.

Mungu akubariki, Mhandisi Naboth. Akubariki wewe na nyumba yako, aubariki mkono wako wa kulia, na mfuko wa koti ambao mkono huo umeingia sasa hivi.

Ni sisi,
Umoja wa Mafuta Juu Maji Chini,
Mbarara na Nakivale.